Nyaraka Zao Zimepokelewa, Yetu Imekataliwa: Je, Kesi Imekwisha?

SWALI: Mdogo wangu alikuwa mtunza ghala wa chama cha msingi cha ushirika huku Kanda ya Ziwa, na sasa ameshtakiwa katika Mahakama ya Wilaya kwa wizi akiwa mtumishi. Inadaiwa magunia ya dengu yalipungua mikononi mwake. Hana wakili, na yuko nje kwa dhamana. Mashahidi wawili wameshatoa ushahidi. Wa kwanza, kiongozi wa chama, alitoa fotokopi za kurasa za leja ya ghala. Mdogo wangu alipoulizwa kama ana pingamizi alisema hana, kwa sababu aliogopa kuonekana mkorofi. Wa pili, mkaguzi, alitoa taarifa ya ukaguzi; mdogo wangu akapinga kwamba ni ya uongo, lakini hakimu akatupilia mbali pingamizi na kuipokea. Alipokuwa akimhoji mkaguzi huyo alijaribu kutoa fotokopi ya hati ya makabidhiano ya magunia, ambayo picha yake tunayo pia kwenye simu, nayo ikakataliwa. Tarehe ijayo anakuja askari aliyeandika maelezo yake polisi. Mdogo wangu anasema aliyasaini baada ya kupigwa, akiwa ameshakaa mahabusu siku mbili, na alitibiwa zahanati alipopata dhamana. Nimesoma kwenye intaneti kwamba maelezo ya polisi hayafai mpaka yaandikwe na Inspekta Mkuu. Mtu mwingine ananiambia ukishasaini ndiyo imekwisha. Je, hakimu ameshaegemea upande mmoja? Tukate rufaa sasa hivi?

JIBU: Ndugu yangu, kesi haijakwisha, na kwa haya uliyoyaeleza sioni kwamba hakimu ameshachagua upande. Ninachokiona ni mshtakiwa asiye na wakili aliyepita hatua tatu muhimu bila kufahamu kila hatua ilikuwa inamuuliza nini, huku ya nne, iliyo nzito kuliko zote, ikimsubiri tarehe ijayo. Nitajibu kwa sheria ya Tanzania Bara. Namba za vifungu nitakazozitaja ni za Toleo la sheria la mwaka 2019, kwa kuwa ndizo mtakazozikuta katika hukumu nyingi, lakini tangu Julai 2025 linatumika Toleo la Urekebu la mwaka 2023, ambamo vifungu vingi vimebadilika namba. Kwa hiyo mkienda kusoma, fuateni maudhui ya kifungu kuliko namba yake.

Hofu yenu kubwa imejengwa juu ya dhana kwamba hakimu akipokea hati amekubali yaliyoandikwa ndani yake. Mahakama huitazama hati mara mbili, na nyakati hizo mbili zimeachana sana. Mara ya kwanza ni pale shahidi anapoomba ipokelewe. Hapo hakimu anajiuliza kama hati inahusu jambo linalobishaniwa, kama masharti ambayo sheria imeyaweka kwa hati ya aina hiyo yametimizwa, na kama huyu anayeitoa ndiye mtu anayestahili kuitoa, yaani ameiandika, ameitunza, au amewahi kuwa nayo kihalali na anaifahamu. Mara ya pili ni wakati wa kuandika hukumu, ushahidi wote ukiwa mezani, ambapo sasa anauliza kama yaliyomo yanaaminika na yana uzito kiasi gani. Mlinzi wa geti anayekagua kitambulisho cha mgeni hajakubaliana na habari ambazo mgeni huyo amekuja kuzisema ndani. Hati nyingi hupokelewa asubuhi na kuonekana hazina maana siku ya hukumu, na hakuna ajabu yoyote katika hilo.

Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini pingamizi la mdogo wako dhidi ya taarifa ya ukaguzi halikufua dafu. Alisema ni ya uongo. Huenda ni kweli, lakini hilo ni jibu la swali la hukumu, wakati hakimu alikuwa bado kwenye swali la kupokea. Mkaguzi aliyeiandika alikuwa kizimbani, anaitambua saini yake, na taarifa inahusu dengu zilezile zilizotajwa kwenye hati ya mashtaka; kwa hali hiyo hata mimi ningekuwa na shida kupata sababu ya kisheria ya kuizuia. Pingamizi lenye nguvu lingekuwa, kwa mfano, kwamba aliyeitoa siye aliyeifanya wala hajawahi kuwa nayo, au kwamba kilicholetwa ni nakala na hakuna aliyeeleza nakala halisi iko wapi.

Hiyo haina maana kwamba taarifa ile haiwezi kubomolewa. Mkaguzi ni shahidi wa kitaalamu, na maoni ya mtaalamu hayamfungi hakimu. Kuna maswali ambayo mwandishi wa taarifa kama hiyo anapaswa kuyajibu: je, alihesabu magunia mwenyewe au alichukua takwimu kutoka kwenye vitabu? Alianzia na kiasi gani cha mwanzo, na nani alikithibitisha? Ufunguo wa ghala ulikuwa kwa watu wangapi? Je, alizingatia kwamba dengu zilizopokelewa zikiwa na unyevu hupungua uzito zinapokauka, na kwamba upungufu wa kilo si lazima uwe upungufu wa magunia? Kama maswali haya hayakuulizwa, kifungu cha 147(4) cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, kinamruhusu hakimu kumwita tena shahidi ili ahojiwe zaidi. Ombi hilo haliko kwenye orodha ya haki zisizokatalika. Linategemea sababu mtakazotoa, na sababu ya mshtakiwa asiye na wakili ambaye hakuelewa wakati wa kuuliza ni ya kweli, ilimradi isemwe mapema na kwa heshima. Msilidharau jambo hili, kwa maana Mahakama ya Rufani ilishasema, katika rufaa ya Cyprian Athanas Kibogoyo ya mwaka 1992, kwamba kuacha kumhoji shahidi juu ya jambo muhimu kunachukuliwa kuwa ni kulikubali jambo hilo.

Kwenye fotokopi za leja hali ni tofauti, na hapa sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kanuni ya msingi, katika kifungu cha 66, ni kwamba yaliyomo kwenye hati huthibitishwa kwa hati yenyewe halisi. Nakala inaingia kwa mlango wa pembeni tu, ule wa kifungu cha 67, kwa mfano pale nakala halisi inapokuwa imepotea au kuharibika, inapokuwa mikononi mwa mtu wa upande wa pili ambaye amepewa taarifa ya kuileta na hakuileta, au inapokuwa hati ya umma ambayo nakala yake imethibitishwa na ofisa anayehusika. Zipo pia sheria zinazoruhusu nakala za vitabu maalumu, kama vitabu vya benki, kwa masharti yake. Shahidi wa kwanza alitakiwa aeleze leja yenyewe iko wapi kabla ya kuomba fotokopi zipokelewe, na kama hakueleza, mdogo wako alikuwa na pingamizi zuri. Alipojibu kwamba hana pingamizi, aliliacha lipite, na mahakama za rufaa huwa nzito kumsikiliza mtu anayelalamika juu ya kielelezo alichokikubali mwenyewe kwa mdomo wake.

Kosa hilo linafanywa na washtakiwa wengi, na chanzo chake ni adabu tu. Mtu analelewa kutobishana na mkubwa, halafu anaulizwa na hakimu mbele ya watu kama anapinga. Mwambie mdogo wako kwamba swali la hakimu ni la wajibu. Asingeliuliza angekuwa amekosea yeye. Kupinga kwa sababu hakumuudhi hakimu yeyote anayejua kazi yake. Kinachochosha ni kupinga kila karatasi bila sababu. Kuhusu leja, mlilobakiwa nalo ni uzito wake: kuomba shahidi aitwe tena aulizwe leja halisi iko wapi, kwa nini ziliteuliwa kurasa hizo tu na nyingine hazikuletwa, nani aliandika mistari hiyo, na kama mwandiko ni wa mtu mmoja. Kama leja kamili ipo ofisini kwa chama, mnaweza kuiomba mahakama iagize iletwe. Nakala zilizoteuliwa na upande mmoja zinaweza kusema hadithi tofauti kabisa na ile ya kitabu kizima.

Liko jambo jingine la kuliangalia juu ya hati zote mbili zilizopokelewa. Katika shauri la Robinson Mwanjisi na wenzake watatu dhidi ya Jamhuri, la mwaka 2003, Mahakama ya Rufani iliweka utaratibu ambao mpaka leo unanukuliwa karibu kila wiki: hati ipitishwe kwanza, yaani shahidi aitambue na upande wa pili upewe nafasi ya kusema, kisha ipokelewe rasmi na kupewa namba ya kielelezo, na ndipo isomwe. Kuisoma kabla ya kupokelewa ni kosa, kwa kuwa hakimu anakuwa ameshasikia kitu ambacho huenda atakikataa. Kutoisoma baada ya kupokelewa pia ni kosa, kwa sababu mshtakiwa anajibu tuhuma zilizomo kwenye karatasi asiyoijua. Katika hukumu nyingi za baadaye Mahakama ya Rufani imeviondoa vielelezo vya namna hiyo kwenye kumbukumbu, kana kwamba havikuwahi kuletwa. Muulize mdogo wako kama taarifa ya ukaguzi na kurasa za leja zilisomwa kwa sauti mahakamani, na na nani. Aandike jibu hilo sasa, angali anakumbuka. Hata hivyo, msilifanye kuwa tegemeo pekee. Kielelezo kinaweza kuondolewa na bado ushahidi wa mdomo wa shahidi yuleyule, kama alieleza kwa undani mambo yaliyomo, ukatosha kushikilia hukumu.

Sasa nije kwenye hati yenu iliyokataliwa. Mkaguzi hakuiandika, hakuitunza, na pengine hajawahi kuiona. Kumtaka yeye aitoe ni kumtaka athibitishe kitu asichokijua. Isitoshe ilikuwa fotokopi, na hakuna aliyeeleza nakala halisi iko wapi. Hakimu angeipokea kwa namna ile, mwendesha mashtaka angekuwa na haki ya kulalamika kama mnavyolalamika ninyi leo. Kilichowezekana siku ile ni kumwonyesha shahidi, kumuuliza kama anaifahamu au kama aliitafuta alipokuwa akikagua, na kuomba iwekwe kwa ajili ya utambuzi tu, ili kumbukumbu zionyeshe kwamba ilitajwa mapema na haikubuniwa baadaye.

Kama ilikataliwa kwa sababu ya mtu aliyeitoa au namna ilivyotolewa, njia ya kuileta upya kwa mtu sahihi haijafungwa, na mahali pake pa asili ni kwenye utetezi. Mahakama ikiona kuna kesi ya kujibu, mdogo wako atapewa, chini ya kifungu cha 231 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, nafasi ya kujitetea na kuita mashahidi. Kama yeye mwenyewe alisaini hati ile, anaweza kuitoa. Aliyepokea magunia anaweza kuitoa vizuri zaidi, na akikataa kuja, mahakama ina mamlaka ya kumpelekea wito. Kama nakala halisi ilibaki ofisini kwa chama, andikeni barua mapema ya kuitaka, peleka nakala kwa mwendesha mashtaka, na mtunze ushahidi kwamba barua ilipokelewa. Wasipoileta, barua hiyo ndiyo itakayowasaidia kuufungua ule mlango wa kifungu cha 67 kwa ajili ya fotokopi yenu.

Picha iliyo kwenye simu msiifute, wala msiihamishe ovyo kutoka simu moja kwenda nyingine. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ambayo ndiyo iliyoingiza kifungu cha 64A kwenye Sheria ya Ushahidi, data ya kielektroniki haikataliwi kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Kifungu cha 18 cha sheria hiyo kinaielekeza mahakama iangalie namna data ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyotumwa, kama imebaki salama bila kuguswa, na kama aliyeitengeneza anajulikana. Kwa lugha nyepesi, aliyepiga picha aje na simu iliyopiga, aeleze lini na wapi, na aseme imekuwa kwa nani tangu siku hiyo. Picha iliyopita katika makundi matatu ya WhatsApp na kurudi kwenu haina nguvu ya ile iliyobaki kwenye simu ya kwanza.

Jambo la tarehe ijayo ndilo ningependa mlisome mara mbili.

Habari ya cheo cha polisi uliyoisoma inaelekea imetoka kwenye sheria ya Kenya. Kule, kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinataka ungamo, yaani kukiri kosa, litolewe mbele ya jaji, hakimu, au ofisa wa polisi asiye mpelelezi wa kesi na asiye chini ya cheo kilichotajwa na sheria hiyo, akiwapo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mtuhumiwa. Kwetu, kifungu cha 27 cha Sheria ya Ushahidi ya Tanzania kinaruhusu ungamo lililotolewa kwa ofisa wa polisi lithibitishwe mahakamani, kwa sharti kwamba lilitolewa kwa hiari. Yule aliyekuambia kwamba ukishasaini imekwisha naye amekosea. Saini inaonyesha kwamba mkono ulipita pale. Haionyeshi kwa nini ulipita. Mzigo wa kuthibitisha hiari uko kwa upande wa mashtaka, na mdogo wako hatakiwi kuthibitisha kwamba alipigwa.

Anachotakiwa ni kusema kwa wakati. Askari atajitambulisha, ataeleza alivyoandika maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa, kisha ataomba yapokelewe kuwa kielelezo, na hakimu atamgeukia mdogo wako. Hapo, kabla ya kupokelewa, ndipo pa kusema. Katika rufaa ya Nyerere Nyague, Namba 67 ya mwaka 2010, Mahakama ya Rufani ilieleza wazi kwamba asiyepinga maelezo yake yasipokelewe kesini hawezi kuja kuyapinga kwenye rufaa. Maneno hayahitaji ustadi: "Mheshimiwa, napinga maelezo haya yasipokelewe. Sikuyatoa kwa hiari, nilipigwa na kutishwa. Pia yaliandikwa nje ya muda unaoruhusiwa na sheria." Kama anachodai ni kwamba hakusema kabisa maneno yale na yaliandikwa na wao, aseme hivyo, kwa kuwa kukana maelezo na kudai yalitolewa kwa kulazimishwa ni madai mawili tofauti, asiyachanganye kwa matumaini kwamba mojawapo litapita, maana mwendesha mashtaka atayatumia kumwonyesha kuwa mwongo.

Baada ya pingamizi la hiari, hakimu anatakiwa asimamishe kesi ya msingi na afanye uchunguzi mdogo juu ya swali hilo moja, kama Mahakama ya Rufani ilivyoelekeza katika rufaa ya Twaha Ali na wenzake watano, Namba 78 ya mwaka 2004. Watu wengi walikutana na utaratibu huu mwaka 2021, katika kesi iliyomkabili Freeman Mbowe na wenzake watatu Mahakama Kuu, ambako vyombo vya habari viliuita kesi ndogo ndani ya kesi kubwa. Katika Mahakama ya Wilaya jina lake ni uchunguzi, na kiini ni kilekile. Upande wa mashtaka unaanza kuleta mashahidi wa kuonyesha hiari, kisha mdogo wako anatoa ushahidi wake na anaweza kuita mashahidi. Aeleze alikamatwa lini na saa ngapi, alipelekwa kituo gani, nani alimpiga, kwa kitu gani, sehemu gani ya mwili, na alitibiwa wapi. Karatasi za zahanati zije, na mganga akipatikana aje. Ndugu aliyemwona siku aliyotoka aje pia. Katika hatua hii asianze kueleza kama magunia aliyachukua au hakuyachukua. Swali lililo mezani ni namna maelezo yalivyopatikana.

Sababu ya pili, ya muda, huenda ikawa na nguvu kuliko ya kwanza, kwa sababu haitegemei neno la mtu mmoja dhidi ya mwingine. Vifungu vya 50 na 51 vya Sura ya 20 vinaipa polisi saa nne za kumhoji mtu tangu alipowekwa chini ya ulinzi, na saa hizo zinaweza kuongezwa kwa utaratibu uliowekwa. Upo muda usiohesabiwa, kama ule wa kumsafirisha kwa ajili ya upelelezi. Saa ya kuanza kuandika maelezo huandikwa kwenye maelezo yenyewe, na saa ya kukamatwa huwa kwenye vitabu vya kituo. Mdogo wako amwombe hakimu amruhusu kuyasoma maelezo kabla ya kujibu, alinganishe saa hizo, na amuulize askari, kwa hoja hiyo moja tu, kama muda uliongezwa na nani aliuongeza. Siku mbili bila sababu inayoeleweka ni pengo kubwa. Katika rufaa ya Janta Joseph Komba na wenzake watatu, Namba 95 ya mwaka 2006, maelezo yaliyoandikwa nje ya muda huo hayakusalimika.

Lakini niwe mkweli juu ya mipaka ya hoja zote mbili. Kifungu cha 169 cha Sura ya 20 hakisemi kwamba kila ushahidi uliopatikana kwa kukiuka utaratibu unatupwa. Kinampa hakimu uamuzi wa kupima uzito wa ukiukwaji, uzito wa kosa na maslahi ya umma bila kumuumiza mshtakiwa isivyo haki, huku mzigo wa kumshawishi ukiwa kwa anayetaka ushahidi huo uingie. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ushahidi nacho kinasema ungamo halikataliwi kwa sababu ya ahadi au tishio, isipokuwa kama mahakama inaona tishio lile lilikuwa la namna ya kumfanya mtu akiri uongo. Kifungu hicho sijawahi kukipenda, ila kipo, na mwendesha mashtaka anakijua. Pingamizi likishindwa, maelezo yatapokelewa na kusomwa, na hapo mrudi kwenye lile la mwanzo: kupokelewa na kuaminiwa ni vitu viwili. Tangu shauri la Tuwamoi dhidi ya Uganda la mwaka 1967, mahakama za Afrika Mashariki zimekuwa zikijionya kuhusu kumtia mtu hatiani kwa ungamo alilolikana bila ushahidi mwingine wa kuliunga mkono, ingawa zinaweza kufanya hivyo zikiridhika kwamba lina ukweli mtupu. Kwa hiyo baada ya kushindwa pingamizi, mdogo wako aendelee kumhoji askari: yaliyomo yanalingana na idadi ya magunia ya mkaguzi? Dengu zinazodaiwa kuuzwa, mnunuzi alitafutwa?

Kuhusu rufaa ya sasa hivi, hapana. Kifungu cha 43(2) cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu hakiruhusu rufaa dhidi ya uamuzi mdogo wa katikati ya kesi ambao haumalizi shauri, na uamuzi wa kupokea au kukataa kielelezo ni wa aina hiyo. Mkijaribu, mtapoteza fedha na miezi. Mapingamizi yote yanabaki kwenye mwenendo wa kesi, na yatakuwa sababu za rufaa kama hukumu itakuwa mbaya. Wakati huo atakuwa na siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa na siku 45 za kuwasilisha rufaa Mahakama Kuu, ukiondoa muda wa kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Hata hapo mfahamu kwamba kifungu cha 178 cha Sheria ya Ushahidi kinasema kielelezo kilichopokelewa au kukataliwa kimakosa hakitengui hukumu chenyewe, kama ushahidi uliobaki unatosha. Ndiyo maana kesi inapiganiwa vizuri zaidi ikiwa bado iko chini. Na kama hakimu ana upendeleo wa kweli, mambo mengine yatauonyesha. Kushindwa pingamizi moja na kukataliwa karatasi moja hakutoshi kumwomba ajitoe.

Mdogo wako anahitaji mtu wa kukaa naye ana kwa ana kabla ya tarehe hiyo, kwa maana uchunguzi juu ya maelezo ya onyo ni kazi ngumu kwa asiyeisomea, na jibu langu la maandishi halitamsaidia akiwa kizimbani. Kama hamna uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inaruhusu mahakama kuagiza mshtakiwa asiye na uwezo apatiwe msaada pale haki inapodai hivyo, na yeye mwenyewe anaweza kumwomba hakimu kwa mdomo. Watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa wapo wilayani. Msaidizi wa kisheria asiye wakili anaweza kumwandaa na kumsaidia kuandika, ingawa hawezi kusimama kumtetea mahakamani.

Mkienda, bebeni hati ya mashtaka, karatasi za dhamana zenye tarehe, karatasi za zahanati, fotokopi ya makabidhiano, simu yenye picha, na daftari ambalo mdogo wako ameandika kila kilichotokea siku za ushahidi. Mweleze wakili pia kama siku ya usikilizwaji wa awali, ule wa kifungu cha 192 cha Sura ya 20, alisaini orodha ya mambo yasiyobishaniwa, kwa sababu yaliyomo humo yanahesabiwa kuwa yameshathibitishwa, na inawezekana leja au ajira yake tayari imo. Kama wakili hatapatikana mpaka siku yenyewe, mdogo wako aombe ahirisho asubuhi kesi inapoitwa, kabla askari hajaapishwa, aeleze juhudi alizofanya na amwonyeshe hakimu barua yoyote aliyopeleka kuomba msaada wa kisheria. Akisubiri mpaka maelezo yawe mkononi mwa hakimu, ombi hilohilo litaonekana kuwa la kuchelewesha kesi.